Hewa Itatokea Wapi?

Rejeta ilikuwa baridi.

Niliweka kiganja juu yake mara ya pili, kisha ya tatu. Baridi, kama mtungi uliokaa kivulini. Na shibiri mbili tu nyuma yake injini ilikuwa inatoa harufu ya rangi inayoungua, na mshale wa joto ulikuwa umeshaingia kwenye wekundu.

"Zima," alisema ami. Hakupaza sauti.

Nikazima. Tukabaki pale uani, Maweni ya Malindi, tukisikiliza chuma kikilia ti, ti, ti, na maji yakigugumia ndani ya injini kama mtu anayesukutua koo. Ilikuwa imewaka kwa dakika 11. Siku hiyo ya kwanza ya kuiwasha nilikuwa nikiingojea tangu Kaskazi iliyopita.

Ami ndiye fundi wangu. Si ndugu wa baba, lakini tangu utotoni sijamwita kwa jina jingine. Aliinama, akaweka kidole kwenye shingo ya themostati, kile kilango cha maji kinachofunguka kwa joto, pale mpira wa juu unapoanzia, akaufuata mpira ule polepole mpaka kwenye mdomo wa rejeta. Kidole kilipanda, kikafika kileleni, kikashuka.

"Maji umeyapa njia," alisema. "Hewa je, itatokea wapi?"

Sikuwa na jibu. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, na likanifuata kwa wiki tano.

## Injini iliyosimama mahali pa iliyolala

Gari ni pikapu ya Peugeot 404. Wanaopita uani huniambia niirudishie injini yake, maana 404 ilishinda mashindano ya Safari mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na mtu hachezei ukoo kama huo. Wana haki ya kusema. Lakini mimi nilinunua gamba tupu. Chini ya boneti palikuwa na nyasi na kiota cha kuku.

Nilichotaka tangu mwanzo ni hotrodi. Mtindo huo ni wa Marekani: vijana wa California wa miaka ya 1930 na 1940 walichukua Ford kuukuu, wakavua kila kisichokuwa na kazi, wakaongeza nguvu ya injini, wakaenda kushindana kwenye sakafu za maziwa yaliyokauka kama Muroc. Nilipenda kwamba hawakuwa na pesa, na kwamba kila gari lilikuwa na akili ya mtu mmoja ndani yake.

Basi nikatia injini ya Toyota, iliyotoka kwenye Hilux iliyochoka mwili kabla ya mashine. Injini yenyewe haina kosa. Lakini Peugeot walipoitoa 404 mwaka 1960, injini waliilaza ubavu kwa nyuzi 45, na hilo liliwawezesha kuishusha boneti. Ule mstari wa pua ya 404 unaowafanya wazee wasimame barabarani ulikaa vile kwa sababu mashine iliyokuwa chini yake ililala. Mimi nikaweka injini iliyosimama wima chini ya boneti ile ile. Ilienea, baada ya kuisukuma nyuma mpaka ikakaribia ukuta wa dashibodi na kuishusha kadiri chesisi ilivyoruhusu. Siku boneti ilipofunga bila kugusa kitu nilishukuru Mungu kwa sauti.

Sikutazama kwamba shingo ya themostati sasa imekaa juu kuliko kifuniko cha rejeta.

Tofauti ni vidole vitatu.

Ukimimina maji kwenye rejeta, yatapanda ndani ya injini mpaka usawa wa kifuniko, basi. Kila kilicho juu ya usawa huo kinabaki na hewa: shingo, kilele cha mpira, pengine na pembe ya silinda hedi, ambako moto ni mkali kuliko kwingine kote. Pampu ya maji haijui kusukuma hewa. Themostati nayo inangoja maji ya nyuzi 82 yaiguse ndipo ifunguke. Ikizungukwa na hewa, inachelewa kupata habari. Kwa hiyo injini inachemka na rejeta inalala usingizi.

## Nilivyoupanga, au nilivyodhani nimeupanga

Niliweka injini. Nikaweka rejeta pale ilipopendeza, chini, isichungulie juu ya grili. Nikaweka alteneta pale ilipopata nafasi. Kisha, mwisho wa yote, nikaenda kununua mpira wa mikunjo, ule unaopinda popote unapoupeleka, nikauzungusha kutoka mdomo wa injini ulioelekea kulia mpaka mdomo wa rejeta uliokuwa kushoto. Uliruka juu ya alteneta, ukajikunja, ukashuka. Ulifika.

Kwangu mimi, kufika kulitosha.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mpira nilikuwa nimeuacha mwisho. Nadhani ni kwa sababu unapinda. Chuma kikikataa, unapima upya, unakata upya. Mpira haukatai. Unakubali kila unachoutaka siku ya kwanza, na malalamiko yake yanakuja baadaye, barabarani, mbali na nyumbani.

Hata hao waanzilishi wa California walihangaika na maji. Ford ya V8 ya mwaka 1932, iliyowapa vijana nguvu kwa bei wanayoiweza, ilikuwa na pampu mbili za maji na mipira minne, miwili juu na miwili chini, na moshi wa eksozi ulipitishwa ndani ya bloku, katikati ya maji, kabla ya kutoka nje. Ikajulikana kwa kuchemka. Nilipolijua hilo nilifarijika kwa siku mbili. Kisha nikatazama vizuri umbo la gari lile: rejeta yake imesimama mrefu mbele ya injini, juu kuliko injini. Hewa yao ilikuwa na pa kutokea. Yangu haikuwa na pa kutokea.

## Tulipotofautiana na ami

Ami alikuwa na dawa ya haraka. "Toa themostati, mwanangu. Maji yatakimbia yenyewe."

Mafundi wengi wa huku watakwambia hivyo, na magari mengi yanatembea bila themostati kutoka hapa mpaka Mombasa. Katika hili nilimkatalia, na kumkatalia ami si jambo jepesi. Injini isiyo na themostati hukawia sana kupata joto lake. Petroli haiungui vizuri, inaosha kuta za silinda, na oili haifikii joto la kufanya kazi yake. Ubaya huo huuoni wiki hii. Unauona miaka kadhaa mbele, na hapo utakuwa umeshasahau ulitoa nini.

"Ami, niache niifungue kwanza niitazame," nilimwambia.

Themostati ile ina tundu dogo ukingoni, na ndani ya tundu kuna kipini kinachochezacheza. Tundu hilo ni la hewa: linaipitisha wakati mlango mkubwa bado umefungwa. Kwa hiyo linatakiwa kukaa juu kabisa. Yangu nilikuwa nimeifunga tundu likitazama chini, chini ambako hewa haikai.

Nikaigeuza. Nikajaza maji, nikawasha.

Dakika 11 zikawa 19.

Ilikuwa nafuu, haikuwa tiba. Lakini kitu kilibadilika baina yetu siku ile. Ami aliichukua ile themostati ya akiba, akaitikisa sikioni asikie kipini kikigonga, akaitia mfukoni mwa kanzu yake ya kazi. Hakurudia tena kusema itolewe.

## Waya wa hanga

Nilianza upya kwa waya wa hanga. Nyoosha hanga, shika ncha moja kwenye mdomo wa injini, pinda mpaka ufike mdomo wa rejeta, kisha ukaushike na uutazame. Nilifanya hivyo usiku, taa imening'inia kwenye boneti, kwa sababu mchana watu wengi hupita na kila mmoja ana shauri.

Nilijiwekea masharti. Waya usipande kisha ukashuka. Usikaribie fenibelti kwa chini ya vidole viwili, wala eksozi kwa chini ya kiganja. Usipinde kwa kasi pahali pamoja, kwa kuwa mpira ukipindwa hivyo hubonyea ndani na njia ya maji ikawa nusu. Na uwe na ulegevu kidogo, usiwe umenyooka na kukaza.

Niliharibu hanga tisa. Kila waya uliotii sharti moja ulivunja jingine.

Ule wa kumi niliuchukua mpaka duka la spea mjini. Mwenye duka ni mama mmoja ambaye mipira yake ameitundika kwenye misumari ukuta mzima, myeusi mitupu, kila mmoja na pindo lake.

"Wataka ya gari gani, mwanangu?"

"Si ya gari, mama. Nataka umbo hili."

Akaupokea waya, akaugeuza, akaanza kuulinganisha na ukuta. Alishusha mmoja wa lori dogo, mwingine wa matatu. Akanionyesha kwa ukucha: huu ukikatwa hapa, na huu ukikatwa pale, ukatia kipande cha bomba katikati, utakaribia. Ndivyo kazi hii inavyofanywa, na alikuwa akiijua kuliko mimi. Kisha akanyamaza, bado ameushika ule waya.

"Mbona unazunguka hivi? Mdomo wa rejeta uko upande gani?"

"Kushoto, mama. Wa injini uko kulia."

"Rejeta ni ya plastiki?"

"La, ni ya shaba."

"Sasa huo mdomo si uhamishwe?"

Nilisimama pale kaunta na pesa mkononi. Wiki tatu nilikuwa nikiuliza mpira upite wapi. Haikunijia hata mara moja kwamba rejeta ya shaba imeungwa kwa lehemu, na kilichoungwa kwa lehemu huyeyushwa kikahamishwa. Ingekuwa ya kisasa, yenye vichwa vya plastiki, lisingewezekana. Fundi wa rejeta aliufanya kwa asubuhi moja: akaziba tundu la kushoto kwa bati la shaba, akafungua jingine kulia, akaunga mdomo ule ule.

Mpira wa juu sasa una urefu wa shibiri moja na nusu, na pindo moja tu.

Nilirudi dukani nikanunua ule wa lori dogo. Nilitaka kumlipa mama kwa shauri lake. Alikataa, akanipa klipu za chuma kisichoshika kutu, akasema hizo ndizo nilipie, kwa kuwa hewa ya bahari haisamehe klipu za bei rahisi.

## Boneti

Vile vidole vitatu vilikuwa bado vipo.

Hili ndilo lililoninyima usingizi kuliko yote. Njia iliyo wazi ni kuipandisha rejeta. Lakini ikipanda, boneti haifungi, labda nitoboe boneti na kuijengea kibiongo. Hotrodi nyingi zimetobolewa, hakuna anayeona ajabu. Kijana mmoja wa kuchomelea alishachora kwa chaki pale atakapokata. Chaki ile ilikaa kwenye boneti siku nne, na kila asubuhi nilitoka na chai nikaitazama.

Sikuweza. Nilikuwa nimeisukuma injini nyuma, nimeishusha, nimehamisha alteneta, yote ili uso ule ubaki ulivyochorwa. Kama ningeukata, basi miezi yote ile nilikuwa nikifanya nini?

Nikaifuta chaki kwa kitambaa chenye maji.

Boneti ya 404 inapanda kuelekea kioo. Huko nyuma, kwenye ukuta wa dashibodi, kuna nafasi ambayo iko juu kuliko shingo ya themostati. Tukatengeneza tangi dogo la shaba la lita mbili hivi, tukalifunga pale. Kutoka kilele cha shingo ya themostati tukapandisha mpira mwembamba, kama kidole kidogo, mpaka ndani ya tangi: hiyo ndiyo njia ya hewa. Kutoka chini ya tangi tukateremsha mpira mnene kiasi mpaka kwenye mpira wa chini, karibu na pampu: hiyo ndiyo njia ya maji kurudi mahali hewa ilipoondoka. Kifuniko cha 0.9 kikahamia kwenye tangi, na rejeta ikapewa kifuniko kisichopumua. Namba hiyo ni ya shinikizo. Kwa kuyabana hivyo, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118.

Tulipolijaza mara ya kwanza, ami aliinamisha sikio. Mapovu yalipanda kwenye tangi moja moja, kisha kwa wingi, kisha yakakoma.

"Hiyo hapo hewa yako," alisema.

## Injini nayo ina haja zake

Nilidhani tumemaliza. Tukaiwasha, dakika 20, dakika 30, mshale umekaa katikati, rejeta imepata moto. Ami akanituma nikae ndani, nikanyage breki, nitie gia, niachie klachi kidogo huku nikiongeza mafuta. Yeye akabaki mbele na tochi.

"Tena."

Nikarudia.

"Njoo utazame." Akanipisha, akaingia yeye.

Injini iliyokaa kwa urefu wa gari hujaribu kujipindua kinyume cha kile inachokizungusha. Ilipopata mzigo, upande wa abiria ulinyanyuka na upande wa dereva ukazama, karibu unene wa kidole gumba, ikilalia raba zake. Mpira wa juu ulikwenda nayo bila shida. Ule ulegevu niliouacha ulitosha. Mpira wa chini ulisogea ukagusa puli. Uligusa tu, ukarudi. Lakini palikuwa tayari na alama, mstari mweupe mwembamba kama uzi.

Mpira wa chini nilikuwa sijaufikiria. Moto mkubwa uko juu na mvuke uko juu, basi macho yote yalikuwa juu. Kumbe wa chini una taabu yake, kwa sababu pampu inaufyonza. Ukiwa laini au mrefu, injini ikienda mbio kuta zake hukutana katikati na maji hukatika, wakati ambapo unayahitaji zaidi. Ndiyo maana mingi hutiwa springi ndani. Mtu akibadilisha mpira akaitupa springi ile kwa kudhani ni takataka, ameitupa njia ya maji.

Tulikata sehemu ya kati tukaweka bomba la chuma, tukalifunga kwenye chesisi kwa kipande cha raba katikati lisije likalia, na mpira ukabaki ncha mbili tu ambako kuna mchezo. Kwenye kila ncha ya bomba ami alizungusha mshipi wa kuchomelea, ukingo uliofura kidogo, ili mpira ukishabanwa na klipu usiteleze kutoka. Bila ukingo ule, klipu unaweza kuikaza mpaka uikate na mpira bado ukachomoka.

Na maji tuliyotia ni ya mvua, nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya kupoza injini. Ya kisima cha uani nimeyakataza. Nchi hii yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na anayechemsha chai kwa maji ya kisima anajua ule utando mweupe unaobaki kwenye birika. Utando huo huo hukaa kwenye vijibomba vya rejeta.

## Njia ya Marafa

Tulitoka Jumamosi ya Julai, Kusi ikivuma. Niliuchagua upande wa kaskazini makusudi. Ukielekea Sabaki wakati wa Kusi upepo unakusukuma mgongoni, na gari likienda polepole hewa inayoingia kwenye rejeta ni haba mno. Kama lingechemka, lingechemka huko.

Kabla ya daraja tulikwama nyuma ya lori la mawe. Mshale ulipanda. Nilihisi jasho likinishuka mgongoni na sikuthubutu kumtazama ami. Ulipanda unene wa uzi juu ya katikati, feni ya umeme ikawaka, ukasimama. Ukarudi.

Ami alikuwa akitazama mto. "Maji yamejaa," alisema, na sikujua ni yapi anayoyasema.

Tukapita Mambrui, tukaiacha lami tukapinda kwenda bara, vumbi jekundu likatufuata mpaka Marafa. Hatukwenda kuyatazama mabonde ya Nyari. Tulifungua boneti chini ya mwembe, tukatazama kila klipu, tukanunua maembe mawili mabichi yenye pilipili, tukageuza.

Jua lilikuwa linazama tulipoingia uani. Nilizima. Chuma kikalia ti, ti, ti, na safari hii hapakuwa na mgugumio wowote ndani yake. Ami alifungua boneti, akaugusa mpira wa juu kwa mgongo wa mkono, akauondoa upesi. Akagusa wa chini, mkono ukakaa. Akaurudia wa juu, akarudi wa chini, kama anayepima homa ya watoto wawili.

Kutoka msikitini wakaadhini Magharibi. Ami akafuta mikono kwa kitambaa, akashusha boneti taratibu mpaka ikafunga, akaenda bombani kutia udhu.